Kalamu Isiwe Karamu: Kumsaidia Mtoto wa Uganda Kutamka Konsonanti Ngumu za Kiswahili

Mtoto wa darasa la nne huko Masaka anayesema "balabala" na "nirikula" hana ulimi mzito. Anafuata kanuni ya Kiganda bila kuteleza hata mara moja: r hukaa baada ya e na i, kwingine kote ni l. Ndiyo maana sukari ilipoingia katika Kiganda ikawa ssukaali, gari likawa ggaali na rangi ikawa langi. Mtoto huyohuyo akisema leero, yaani leo, anatamka l na r ndani ya neno moja, tena bila taabu. Sauti anayo. Hajazoea tu kuiweka mahali ambapo lugha ya nyumbani haiiweki.

Kwa hiyo kabla ya kushughulikia mdomo wa mtoto, jiulize kwanza: sauti hii ipo katika lugha yake? Ikiwa ipo, kazi ni kuihamisha, na huenda haraka. Ikiwa haipo, kazi ni kuijenga, na hapo panataka subira. Walimu wengi huchoka kwa sababu wanajenga kitu ambacho kingehamishwa tu.

Jambo la pili la kukumbuka ni herufi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini mtaala wa madarasa ya chini ulioanza 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kwa hiyo wengi hukutana na Kiswahili cha kuandikwa wakiwa tayari wanasoma kwa lugha nyingine. Kila herufi inakuja na sauti yake ya zamani. Mtoto wa Gulu aliyezoea kuona ng katika Kiacholi ikisomwa kama ng' ya ng'ombe atasoma nguo kuwa "ng'uo". Hilo ni kosa la macho. Usimpe mazoezi ya ulimi. Mwonyeshe tofauti ya ng na ng' kwenye ubao, basi.

Sikio kwanza

Chora picha mbili: kalamu, na karamu (watu wamezunguka sinia la matooke). Ziba mdomo wako kwa daftari ili mtoto asisome midomo. Taja neno moja, yeye aguse picha. Fanya hivyo mara 10. Akipata 8 au zaidi, sikio liko tayari. Akipata 5 au 6, anabahatisha, na mazoezi ya ulimi kwa wakati huo ni kupoteza muda, maana hajui anachotafuta. Rudia kesho, ukitamka polepole zaidi.

Kosa la kawaida hapa ni la mwalimu: kutaja kwa zamu, kalamu, karamu, kalamu, karamu. Baada ya mara ya tatu mtoto amegundua mpangilio na hasikilizi tena. Changanya, wakati mwingine rudia neno lilelile mara tatu mfululizo.

Jozi nyingine za r na l ni kula na kura, mahali na mahari, mbali na mbari, hali na hari. Kwa s na sh tumia saka na shaka, pasa na pasha. Kwa z na dh, zana na dhana. Kwa g na gh, gani na ghani. Maneno yasiyochoreka yapewe vidole: kidole kimoja kwa neno la kwanza, viwili kwa la pili.

r na l

Anza hapa, kwa sababu hapa maana hubadilika. Anayesema "tulipiga kula" akimaanisha "tulipiga kura" hataeleweka, ilhali anayesema "feza" ataeleweka popote Afrika Mashariki.

Kwa mtoto wa Kiganda, mwache aseme leero, emmere (chakula) na ekirabo (zawadi). Muulize ulimi unafanya nini kwenye r. Unagonga ufizi ulio nyuma ya meno ya juu mara moja na kuondoka. Kwenye l, ncha inatulia palepale na hewa inapita pembeni. Unaweza kuivuta, "lllll", mpaka pumzi iishe. R ya kugonga haivutiki hivyo. Tofauti hii mtoto aigundue mwenyewe, vidole vikiwa mashavuni.

Sasa chukua ekirabo na uikate mbele: kirabo, irabo. Kisha i itamkwe kwa kunong'ona. Kisha aiwaze tu bila kuitoa: rabo. Hapo ameweka r mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Kiganda hakimruhusu. Fanya vivyo hivyo kwa "i-rangi", "i-ramani", "i-redio". Katikati ya neno, ingiza i ndogo kabla ya r: "haba-i-ri", "ba-i-ra-ba-i-ra", halafu ipunguze siku hadi siku. Watoto hucheka sana kwa hilo, na kucheka hakudhuru kitu. Ila usiiache i isikike kwa zaidi ya siku tatu, la sivyo itaganda na mtoto atasimama mbele ya wageni kusoma "irangi".

Nusu ya pili ya kazi husahaulika. Baada ya e na i, mtoto huyu ataweka r mahali pa l: "mbere", "ire", "niriona", "Kiswahiri". Hapa msaada ni ule mvuto wa l. Aseme mbellle kwa sekunde mbili, kisha moja, kisha kawaida. Ukifundisha r peke yake kwa mwezi mzima, utamkuta anasema "barabara" vizuri na "mbere" vilevile.

Kwa mtoto wa Kinyankole au Kikiga mambo yanageuka. Huko r ndiyo yenye nyumba na l ni mgeni, kwa hiyo kalamu huwa karamu na chakula huwa "chakura". Mpe kioo kidogo. Mdomo uwe wazi upana wa kidole, ncha ya ulimi iguse ufizi na ionekane ikikaa, avute l kwa sekunde tatu ndipo aiachie irabu: lllla, lllle, llllu. Akiondoa ulimi mapema, r itatoka, na kioo kitamwonyesha kabla hujasema neno.

Katika mazungumzo ya kawaida, usimkatize. Mrudishie neno sahihi ndani ya jibu:

"Mwalimu, naomba kalatasi."
"Unaomba karatasi? Haya, chukua karatasi moja. Karatasi nyeupe au ya rangi?"
"Ya langi."
"Karatasi ya rangi hii hapa."

Amesikia karatasi mara nne na rangi mara mbili, na hakuna aliyemwaibisha. Marekebisho ya moja kwa moja yana dakika zake maalumu. Ukisahihisha kila neno siku nzima, mtoto ataanza kuchagua maneno yasiyo na r, au ataacha kusema. Na ile desturi ya kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani haisaidii matamshi hata kidogo. Lugha hiyo ndiyo ghala unalochota sauti zako.

Umri nao uangaliwe. R huchelewa hata kwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiswahili. Mwenye miaka minne anayesema "lafiki", msubiri.

M inayosimama peke yake

Kiganda kina omuntu na omupiira, kwa hiyo mtu huwa "mutu" na mpira huwa "mupira". Sababu ni ndogo na inarekebishika: midomo inafunguka kabla ulimi haujafika kwenye konsonanti inayofuata, na katika pengo hilo u inapenya. Dawa yake ni ulimi kufika kwanza wakati mlango bado umefungwa.

Mtoto aweke kidole cha shahada kwenye midomo na kuguna "mmm". Akiwa bado anaguna, apeleke ncha ya ulimi mahali pa t. Abaki hivyo kidogo. Ndipo afungue: mmm-tu. Apige kofi moja kwa m na jingine kwa tu.

Mpangilio wa maneno una maana kubwa. Anza na mpira, mpishi, mpaka: midomo imeshafungwa kwa m na p inatoka palepale, u haina pa kupitia. Kisha mfuko na mfalme. Kisha mtu, mti, mtoto, mchele. Kisha mkono, mkate, mgeni, ambapo nyuma ya ulimi ndiyo inayofanya kazi na mtoto haioni kwenye kioo. Mwisho kabisa mlango, mlima, mrefu. Wanaoanza na mlango kwa sababu upo darasani huanza na lililo gumu kuliko yote.

Makofi yatakuonyesha kama ameelewa. Mtoto ni makofi matatu, mpira matatu. Lakini mbuzi ni mawili na mbegu mawili, kwa sababu m hiyo imeshikana na b na haihesabiwi. Mbwa, mbu, nchi na nne nazo ni mawili: mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno fupi hivyo lisingekuwa na mahali pa kuuweka kama m au n isingesimama yenyewe.

Tazamia pia kosa la kuvuka mpaka. Wiki mbili baada ya mazoezi haya utasikia "mhimu" na "mziki". Mwambie mapema kwamba muhimu, muziki na muda zina u yake halali.

S, sh na sauti za kaskazini

Kiganda kiliifanya shati kuwa essaati na shilingi kuwa ssilingi. Sh yenyewe si ngeni: ndiyo sauti ya kumtuliza mtoto mchanga, "shhh". Anza nayo hapo. Halafu avute s ndefu, na bila kukata pumzi arudishe ulimi nyuma kidogo na kuchongoa midomo: sssshhhh. Akisahau kuchongoa midomo, hutoka kitu cha katikati kinachofanana na mluzi. Kuna umbali kati ya kuwa na mashaka na kuwa Masaka.

Kiacholi na Kilango katika maneno yao ya asili hazina f, v, s, z, sh wala h. Neno la saa lilipofika huko likawa cawa, c ikisomwa ch. Kiteso nacho hakina f, v, z wala h za asili. Watoto wengi wa leo wameshazipata sauti hizi kwa Kiingereza na kwa majirani, kwa hiyo mpime kila mmoja badala ya kuhukumu kwa kabila.

Anayesema "pimbo" kwa fimbo, mkatie karatasi nyembamba yenye upana wa vidole viwili na uining'inize mbele ya midomo yake. P huirusha mara moja ikatulia. F, meno ya juu yakiwa yamekaa juu ya mdomo wa chini, huifanya ipepee muda wote wa pumzi. V ni f yenye mngurumo: mkono kooni utausikia. Kwa s, mwambie aige tairi la boda boda linalotoa upepo. Ikishindikana ajenge kutoka t, "t-t-tsss", kisha aidondoshe t. Kwa h, apumulie kioo kifanye ukungu, "haaa", kisha "haaa-pa", kisha hapa.

Ki isiyo chi

Kiganda, Kinyankole na Kikiga hulainisha k inapokutana na i, ndiyo maana Wakiga wenyewe hutamka "Bachiga". Kitabu kinakuwa "chitabu". Sauti ya k anayo kwenye kuku, kaka na koko. Basi panda ngazi ya irabu: ku, ko, ka, ke, halafu ki, ncha ya ulimi ikiwa imelala nyuma ya meno ya chini. Ncha ikinyanyuka, ch inatoka. Ke ndiyo daraja. Akae hapo mpaka iwe safi. Baadaye maneno: keki, kiti, kisu, kikapu, mkia.

Th, dh, gh

Ziache mwisho. Kiganda kilibadilisha fedha kuwa ffeeza na dhahabu kuwa zaabu, na wasemaji wengi wa bara, si Uganda tu, husema feza na gali (yaani ghali) wakaelewana sokoni. Unazifundisha kwa ajili ya tahajia, maana asemaye "feza" huandika feza, na kwa ajili ya usomaji mzuri darasani. Sababu nyingine ya kungoja ni meno: mtoto wa miaka sita au saba mara nyingi hana meno ya mbele, na th bila meno ni upepo mtupu.

Kwa th, ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya juu kwa wepesi na hewa ipite juu yake. Akiubana ulimi kwa meno, hewa inaziba na inatoka t. Dh ni mkao uleule pamoja na mngurumo kooni. Mazoezi mazuri ni kuhesabu kwa makumi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia. Cheza duka kwa noti za karatasi ulizozichora: ya 20,000 na ya 10,000 ni elfu thelathini, ya 50,000, ya 20,000 na ya 10,000 ni elfu themanini. Akianza kusema "thitini" na "thabini", punguza kasi. Ameipenda sauti kupita kiasi.

Gh hujengwa kwa maji. Funda dogo, kichwa nyuma kidogo, asukutue koo kwa sauti. Kisha nusu ya maji hayo, kisha bila maji. Njia nyingine ni kuanza g na kuilegeza ili hewa ivuje: "ggghhh-ali". Ikitoka kavu kama kukoroma, mkono uende kooni: mngurumo umekatika. Maneno ya kuanzia ni ghali, ghafla, ghorofa. Lugha na shughuli baadaye.

Konsonanti zinazoshikana

Nyw ya kunywa na nywele huwatisha wengi, lakini kunywa kwa Kiganda na Kinyankole ni okunywa. Hamisha tu. Kwa mtoto ambaye hana sauti hiyo, jenga kutoka mwisho: wa, nya, halafu "nyu-a" ikiongezwa kasi mpaka ziwe moja. Vy na fy vilevile: "vi-ombo" haraka huwa vyombo, "fi-eka" huwa fyeka. Twiga, swali, pwani na bwana hazina shida kwa wengi.

Maneno ya kukopa kama stesheni na spika, ambayo mtoto huyaanza "si-", tungeyaacha. Kuna mengi ya kufanya kabla yake.

Kipimo cha kazi

Sauti moja kwa wakati, dakika 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Ngazi ni hizi: sauti peke yake, silabi, mwanzo wa neno, katikati ya neno, sentensi, kisha maongezi. Panda ngazi akipata 8 kati ya 10 kwa siku mbili mfululizo. Akishuka chini ya 5, rudi ngazi moja nyuma siku hiyohiyo, usingoje. Kwa darasa la watoto 80, wapange wawili wawili na kadi za jozi, dakika nne kabla ya kusoma; wewe pita ukisikiliza safu moja kila siku.

Sentensi za kujaribia: "Karani aliacha kalamu mahali pa karamu." "Mgeni mrefu alileta mkate na mchele mlangoni." "Shati la shilingi elfu thelathini ni ghali."

Mahali pa kupeleka

Kipimo kikubwa ni lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kiganda wa miaka saba anayesema "balabala" lakini leero na emmere zimenyooka, ni mwanafunzi tu. Anayesema "leelo" na "emmele" hata kwa bibi yake, au ambaye akiwa na miaka minne watu wa nje hawamwelewi kwa lugha yoyote, huyo ana jambo jingine. Chunguza masikio kwanza: yanatoa usaha? Anageuka akiitwa kutoka nyuma? Mwambie atoe ulimi na kuupandisha kwenye ufizi wa juu. Usipofika, huenda ukamba wa chini ya ulimi ni mfupi. Usikubali wembe wa mtaani, panahitaji daktari. Sauti zikitoka puani na kaakaa lina ufa, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, barabara ya Entebbe, hufanya upasuaji wa namna hiyo. Kwa masikio na koo, anzia kituo cha afya kilicho karibu uombe barua ya kwenda kitengo cha masikio, pua na koo katika hospitali kubwa, Mulago wanacho.